Eti "Waende Zao"

Mxiuu! Hebu achieni hilo shati. Kete za drafti zimetapakaa mchangani, kikombe cha kahawa kimepinduka, na vijana wawili wa bodaboda wanakabana kwa ajili ya Zanzibar, mahali ambapo mmoja wao hajawahi hata kukanyaga. Hapa ni Pangani ya Kibaha, msije mkadhani ile ya Tanga yenye mto na bahari. Sisi bahari hatuna. Tuna vumbi, mikorosho, viwanja vinavyopimwa kila kukicha na daladala za kwenda Maili Moja. Lakini Muungano ukitajwa kijiweni, watu wazima wanasimama.

Ugomvi ulianza pale kijana mmoja aliposema kwamba kama Wazanzibari wanataka kura ya maoni ya kuamua kubaki au kutoka, wapewe, tena kesho asubuhi. "Waende zao bwana, tumechoka kubembelezana." Wenzake wakaitikia. Mzee mmoja aliyekuwa akicheza drafti akauliza, "Na huyu je?" Akamwonyesha kwa kidevu Mpemba wa dukani, aliyekuwa anapima sukari ya robo. Kijana hakurudi nyuma: "Naye aende kwao."

Mpemba hakujibu. Alimaliza kupima sukari, akampa mtoto chenji yake, akaingia ndani. Watoto wa mtu huyu wamezaliwa hospitali ya Tumbi. Wanasoma darasa moja na wadogo zake yule kijana. Daftari lake la mikopo limejaa majina ya watu wa kijiwe hiki, na mvua zikikata barabara vijana wasipate abiria, ndiye anayewakopesha unga. Sasa kwao ni wapi?

Nilisonya pale pale, na hadi naandika haya bado nasonya. Si kwa sababu kijana anataka watu waulizwe. Katika hilo niko naye kabisa. Mwaka 1964 hakuna aliyeulizwa. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea Januari 12, na Aprili 22 Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Karume wakatia saini Hati za Muungano kule Unguja. Aprili 25 Bunge la Tanganyika likaridhia hapa Dar es Salaam, na kesho yake, Aprili 26, nchi ikawa moja. Siku nne! Baba zetu wa Kisarawe na Kibaha walilala Watanganyika wakaamka wana nchi nyingine, na baba zao wale wa Wete na Makunduchi hali kadhalika. Ndiyo maana miaka yote hii ukikaa na Mzanzibari utasikia "hatukuulizwa", na ukikaa na Mzaramo wa Kisarawe utasikia "na sisi pia". Hiyo ni hoja halali. Aliyezaliwa ndani ya Muungano bila kuuchagua ana haki ya kusema anautaka au hautaki, na anautaka kwa sura ipi.

Tena hata mwasisi mwenyewe hakuifunga njia hiyo. Mwaka 1968 Mwalimu aliliambia gazeti la Uingereza la The Observer kwamba Wazanzibari walio wengi wakiamua kwa hiari yao, pasipo mkono wa nje, kwamba Muungano unawaumiza, yeye hawezi kuwapiga mabomu ili wabaki. Mwaka wa nne tu wa Muungano, na maneno hayo yanatoka kinywani mwa rais aliyekuwa na jeshi! Wanaosema kuulizia kura ya maoni ni uhaini wakayatafute wayasome.

Kwa hiyo tatizo langu si kura. Tatizo langu ni "waende zao". Nimelisikia neno hilo Maili Moja, nimelisikia ndani ya basi la Mlandizi, nimelisikia msibani kabisa, watu wamekaa kwenye majamvi. Ukimwuliza anayelisema amekerwa na nini, atakupa orodha ndefu, na si yote ya uongo. Atasema Mzanzibari ananunua kiwanja Pangani bila kuulizwa kitu, ila yeye hawezi kumiliki ardhi Unguja. Atasema wale wana rais wao, baraza lao, bendera na wimbo wao, halafu wanakaa na sisi kwenye Bunge la Muungano kuamua hata mambo ya bara peke yake. Tangu mwaka 2023, ulipopitishwa mkataba wa bandari na Dubai, ameongeza jingine: kwamba wakati ule rais na waziri wa ujenzi na uchukuzi wote walikuwa wa visiwani, basi wakaamua mali ya Tanganyika. Mwaka ule neno Tanganyika lilirudi midomoni mwa vijana ambao hata baba zao hawakuzaliwa Tanganyika ikiwa nchi.

Vuka maji sasa umsikilize wa kule. Atakwambia mambo ya Muungano yalikuwa 11 mwaka 1964 na leo yamefika 22, na kila lililoongezwa limemegwa kwake. Atakwambia habari za gari lililosajiliwa Zanzibar likifika Dar likadaiwa ushuru upya kana kwamba limetoka Japan. Atakukumbusha Julai 2008, Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliposema bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na visiwa vikachemka vyote, CCM kwa CUF, hata miaka miwili baadaye Wazanzibari wakaandika ndani ya katiba yao wenyewe kwamba Zanzibar ni nchi. Na yeye ana haki ya kuyasema hayo.

Kila upande unaamini ndio unaopunjwa. Watu wawili wenye hisia hiyo ukiwapelekea karatasi ya ndiyo na hapana bila kwanza kuwakalisha chini, kura inageuka fimbo.

Na kukalishwa chini tulikalishwa, tusisahau. Mwaka 2012 Rais Kikwete, huyu wa kwetu Pwani, wa Msoga, aliunda Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Tume ilizunguka nchi nzima na watu wakasema yaliyo moyoni. Kulikuwa na mpaka: sheria iliagiza kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano kusiguswe, watu wajadili muundo wake tu. Hata hivyo ilivyotoka takwimu ya waliozungumzia muundo, asilimia 61 ya watu wa bara walitaka serikali tatu, na asilimia 60 ya Wazanzibari walitaka Muungano wa mkataba. Hakuna upande ambao walio wengi katika waliosema walitaka kilichopo. Tume ikapendekeza serikali tatu na mambo ya Muungano yapungue yawe saba.

Yaliyofuata mnayajua. Bunge Maalum likakaa Dodoma kuanzia Februari 2014, wapinzani wa UKAWA wakatoka nje Aprili, waliobaki wakapitisha Oktoba katiba inayopendekezwa yenye serikali mbili zile zile. Kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015. Uandikishaji wa wapiga kura haukukamilika, ikaahirishwa. Imeahirishwa hadi leo. Watoto waliozaliwa mwaka ule wako shule. Mtu aliyetoa maoni yake kwa Tume, akasimama kwenye mkutano mbele ya majirani akaeleza, halafu asisikie lolote tena, ndiye huyu leo anayesema waende zao. Hasira ya kijiweni haikuota yenyewe, imemwagiliwa na ukimya huo. Nawaambia viongozi wetu bila kumung'unya: mlipoiacha kura ile ikafia kabatini, mliwafundisha vijana kwamba kusema kwa utaratibu hakuna faida.

Lakini kijana, njoo sasa nikuonyeshe hiyo "waende" inavyokuwa ikitimia, maana imekwishatimia mahali, na mzee wetu mmoja alikuwepo akiangalia.

Mwaka 2010 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa Ban Ki-moon alimteua Rais mstaafu Benjamin Mkapa kuongoza jopo la watu watatu kusimamia kwa macho kura ya maoni ya Sudan Kusini. Wenzake walikuwa Mreno mmoja na Mnepali mmoja. Kura ikapigwa Januari 9 hadi 15, 2011. Ilikuwa nzuri kweli kweli. Watu walipanga foleni usiku kwa usiku Juba. Waliokuwa nje walipiga kura katika nchi 8, Nairobi ikiwemo, na walioishi Khartoum nao walipiga huko huko Khartoum. Jibu likawa asilimia 98.83 wanataka kujitenga. Ukitazama kura peke yake, huoni doa. Julai 9 bendera ikapanda, dunia ikashangilia.

Huko kaskazini nako walikuwepo wa "waende zao". Mjomba wa Rais Bashir, aliyekuwa na gazeti lililouzwa sana Khartoum, alikuwa amehubiri kwa miaka kwamba watu wa kusini ni mzigo, waondoke watu wapumue. Kusini walipoondoka alichinja fahali kusherehekea. Kachinja! Sasa uliza kilichowapata watu wa kusini waliokuwa wakiishi Khartoum, waliokimbilia huko wakati wa vita, wakazaa huko, wakasomesha huko, watoto wao wakijua Kiarabu kuliko lugha za babu zao. Mwezi ule ule wa Julai Sudan ilibadili sheria ya uraia: yeyote aliyehesabiwa kuwa wa nchi mpya alipoteza uraia wa Sudan papo hapo, hata kama hajawahi kuuona mji wa Juba. Walimu, makarani na askari wenye asili ya kusini wakaondolewa kazini. Wakapewa miezi tisa, mwisho Aprili 8, 2012, wawe na karatasi za ugeni au wawe wameondoka. Karatasi zenyewe zitoke ubalozi gani, wakati nchi mpya ndiyo kwanza inatafuta hata mihuri?

Maelfu wakakwama bandari ya mtoni Kosti, na makabati yao, vitanda vyao, watoto wao, wakisubiri mashua zisizokuja. Kama 12,000 ilibidi wabebwe kwa ndege Mei na Juni mwaka ule. Na Aprili hiyo hiyo, nchi mbili zilipopigana kwenye visima vya mafuta vya Heglig, kundi la watu Khartoum lilivamia kanisa waliloabudu watu wa kusini wakalitia moto. Waliolichoma kanisa hawakuwa na ugomvi na waliokuwa wakisali mle; walikuwa na hasira na serikali iliyoko mbali, Juba, na mkono wao uliweza kumfikia jirani tu.

Kilichonichoma mimi zaidi ni tarehe nyingine. Septemba 27, 2012, kule Addis Ababa, mbele ya wapatanishi wa Umoja wa Afrika chini ya Thabo Mbeki, Sudan mbili zilitia saini mkataba wa haki nne: raia wa huku aruhusiwe kukaa kule, kutembea, kufanya kazi na kumiliki mali. Maneno mazuri. Yaliandikwa miezi ishirini baada ya kura. Kwa nini hayakuandikwa kabla? Kwa sababu kabla ya kura kila upande uliona kuyajadili ni kuitilia kura mkosi. Uraia, mafuta, madeni, mpaka, eneo la Abyei, yote yakasukumwa mbele, tutaongea tukishaachana. Abyei walikuwa wapige kura yao siku ile ile ya Januari 9; hawakupiga, kwa kuwa hawakukubaliana mkaazi wa Abyei ni nani. Desemba 2013 wenyewe kwa wenyewe kusini wakaanza kupigana, na hiyo ni hadithi nyingine, ingawa mnajua imezaa wakimbizi wangapi Uganda na Kakuma.

Mtaniambia Sudan ni vita ya miongo, sisi hatujawahi kupigana. Sawa. Basi twendeni Komoro, ndugu zetu kabisa, ambao chama chao cha ukombozi, MOLINACO, kilizaliwa hapa Dar es Salaam miaka ya sitini. Desemba 22, 1974 visiwa vinne viliulizwa na Ufaransa kama vinataka uhuru. Kwa jumla kama asilimia 95 walisema ndiyo. Ila Mayotte, ambayo wenyewe wanaiita Maore, karibu theluthi mbili walisema hapana. Kura ilikuwa moja, lakini Paris ikaamua kuihesabu kisiwa kwa kisiwa. Komoro wakajitangazia uhuru Julai 6, 1975, Ufaransa ikabaki Mayotte, na Februari 1976 ikaandaa kura nyingine huko iliyotoa zaidi ya asilimia 99 ya kubaki. Hakuna risasi iliyolia kama Sudan. Lakini mwaka 1995 Ufaransa ikaweka viza kati ya Anjouan, kisiwa cha Komoro, na Mayotte. Maji yale ni kama kilomita 70, sawa tu na haya kati ya Unguja na Dar es Salaam. Shangazi yuko huku, mpwa yuko kule, na tangu siku ile wanaovuka usiku kwa viboti kwenda kujifungua, kutafuta dawa au kibarua wamezama kwa maelfu. Anjouan nayo, ikiona Mayotte iliyojitenga inakula vizuri, mwaka 1997 ikajitangazia kujitenga na Komoro. Mwisho wake ndio ule wa Machi 2008, askari wetu wa JWTZ wakapelekwa pamoja na wa nchi nyingine za Afrika kwenda kumwondoa Kanali Mohamed Bacar.

Sasa nirudi kwetu na hesabu hiyo ya kisiwa kwa kisiwa. Mwalimu alituonya katika miaka ya tisini, wakati kundi la wabunge lililoitwa G55 likidai serikali ya Tanganyika, kwamba Wazanzibari wakijitenga kwa kusema "sisi Wazanzibari, wale Watanganyika", watagundua kwamba na wao wenyewe wana Waunguja na Wapemba. Watu wengi hukariri maneno hayo kama tishio. Mimi nayasikia kama swali la mhesabu kura. Pemba ikisema ndiyo kwa wingi mkubwa, Unguja ikagawanyika, jumla inasomwaje? Na bara nao wakiulizwa wakasema waende, Zanzibar ikasema tubaki? Katiba ya sasa haina njia ya kura ya namna hii. Inasema tu kwamba kubadili kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wa bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar. Wabunge, si wewe na mimi.

Kisha, nani apige? Hapa ndipo yule mwenye duka wetu anapotokea tena. Kura ya Zanzibar hupigwa na Mzanzibari mkaazi aliyemo kwenye daftari la kule, aliyekaa miaka kadhaa kwenye jimbo lake. Yeye yuko Pangani, Kibaha. Kama nchi itakatwa katikati, atakatwa yeye, lakini hatakuwa na karatasi ya kupigia. Sudan Kusini angalau wa Khartoum walipiga. Wetu atasubiri redio imwambie yeye ni raia wa wapi. Na mtu wa Kisarawe anayefanya kazi hotelini Nungwi, au fundi wa Kibaha anayejenga Fumba, naye vile vile, hata awe na mke Mzanzibari na watoto watatu.

Msiseme hayawezi kutokea ya jirani kumgeukia jirani. Kuleni kiapo mbele yangu kwamba hamkumbuki Januari 2001, risasi walizofyatuliwa waandamanaji Pemba na Unguja, na Watanzania zaidi ya 2,000 waliovuka kwenda Shimoni, Kenya, kuwa wakimbizi, sisi tuliozoea kupokea wakimbizi wa wenzetu. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilikuwa ikikusanya watu viwanjani Unguja kudai kura ya maoni ya Muungano. Kudai hakukuwa kosa. Lakini Mei, baada ya mmoja wa wahadhiri kukamatwa, vurugu zilizuka na makanisa yakachomwa, makanisa ambayo waumini wake wengi ni watu wa bara, wauza mboga na wahudumu wa hoteli. Serikali ilijibu kwa kuwakamata masheikh, kuwaleta bara na kuwaweka mahabusu kwa tuhuma za ugaidi hadi Juni 2021, bila kesi kuhukumiwa. Miaka mingi! Hapo mmewapa watu sababu ya kuupenda Muungano au ya kuuchukia?

Hata kwa walioendelea haya hutokea. Juni 23, 2016 Waingereza waliamua kutoka Umoja wa Ulaya kwa asilimia 51.9. Mwezi uliofuata makosa ya chuki ya rangi au dini yaliyorekodiwa na polisi wa Uingereza na Wales yalipanda asilimia 41 kuliko Julai ya mwaka uliotangulia. Miongoni mwa waliotukanwa ni Wapolandi waliokuwa wakipanga bidhaa madukani. Kura iliwahusu mabwana wa Brussels.

Sasa mnisikilize kwa jingine, maana sitaki mwondoke hapa mkidhani nasema watu wasiulizwe. Zanzibar yenyewe imekwishatuonyesha kura inayoponya. Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Karume wa CCM, na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakakaa, wakaongea, na Julai 31, 2010 wananchi wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Theluthi moja walikataa, na hakuna aliyekwenda kugonga milango yao usiku. Uchaguzi wa Oktoba ule ukapita kwa utulivu ambao Pemba ilikuwa haijauona tangu vyama vingi virudi. Nini kilikuwa tofauti? Mazungumzo yalitangulia karatasi. Mpiga kura alijua akisema ndiyo kitafuata nini, maana kilikuwa kimeandikwa, na wakubwa wa pande mbili walisimama jukwaa moja kumweleza. Maridhiano hayo yalikuja kuvunjika mwaka 2015 matokeo ya uchaguzi yalipofutwa, sikatai. Lakini siku ile ya Julai ilikuwepo, na ni ya kwetu, hatukuiazima Uswisi.

Kijana mmoja hapa hupenda kusema Muungano wetu ni ndoa ya mkeka. Sawa, uwe hivyo. Ndoa ya mkeka yenye umri wa miaka zaidi ya sitini ina wajukuu, na wajukuu hao ndio wauza samaki wa Feri, wanafunzi wa vyuo vikuu, wastaafu wanaosubiri pensheni, askari waliokula kiapo kwa nchi moja. Anayesema waende aniambie kwanza pensheni ya mwalimu wa Chake Chake aliyefundisha Kibaha italipwa na hazina ipi. Aniambie mkopo wa chuo anaokatwa binti wa Mkoani utamfuata au utabaki, deni la taifa litagawanywa kwa kichwa au kwa eneo, na kitambulisho cha NIDA alichonacho mwenye duka wetu kitakuwa na thamani gani siku ya pili. Atakayejibu hayo, nitakaa naye nimsikilize hadi usiku, hata kama anataka kutengana. Asiyeweza kujibu akae kimya mbele ya watoto wa watu.

Mzee wa drafti alilifikiria hili kwa namna yake. Aliwaambia vijana kwamba wanasiasa wanaokuja Pangani kuomba kura, wa rangi zote za bendera, huulizwa habari za barabara, maji na zahanati, na ni haki. Ila hajasikia hata siku moja mtu akinyanyua mkono kuuliza: ile kura ya Aprili 30, 2015 iko wapi? Au: ikija kura ya Muungano, ni nani atahesabiwa raia na nani mgeni, na hilo litaandikwa kabla au baada? Vijana wakacheka, wakasema maswali hayo ni ya wasomi. Si kweli. Mama anayeuza vitumbua pale kona, ambaye binti yake ameolewa Jang'ombe, ndiye aliyeuliza la mwisho, na hakuna mwanaume kijiweni aliyekuwa na jibu: akitaka kwenda kumwona mjukuu, ataomba viza kwa nani?